Mama Gloire na "Sharp!" Yake

Jamani, leo wivu umenitoa jasho na baridi yote hii ya Joburg.

Asubuhi jirani yangu hapa Berea, Mama Gloire, msusi wa kutoka Bukavu, kanigongea mlango.

"Banafunga masomo, tunaenda kuchoma nyama ku bwawa na batoto. Utakuya?"

Sasa mimi mtoto wa Tanga. Nimefundwa: ukialikwa mara ya kwanza unakataa, ya pili unajivutavuta, ya tatu ndiyo unatafuta mtandio.

Nikajibu, "Aa, nendeni tu, msijisumbue."

Nikasubiri anibembeleze.

"Sharp!" akasema, ndiyo "sawa" ya hapa Joburg, akashuka ngazi.

Na viatu nilishavaa!

Nimeshinda na blanketi na simu, natazama picha zao. Maji yanameta. Nyama inatoa moshi. Halafu Mama Zawadi wa ghorofa ya chini kakaa kwenye kiti ambacho kwa haki ni changu, anacheka hadi gego la mwisho. Yeye kaalikwa mara moja, kakubali palepale. Bila haya!

Jioni Mama Gloire kaniletea mbavu mbili, bado za moto.

"Ulikosa raha, dada. Jumamosi tunarudia. Utakuya?"

Moyo ukasema ndiyo.

Mdomo ukasema, "Aa, msijisumbue."

"Sharp!"

Jamani, mwenye namba yake ampigie amwambie nimekubali.

Ila asiseme nimemtuma.