Taa za Upande Mmoja

Taa za zamani za uwanja ule mdogo wa ndege, upande wa Handeni, zilikuwa zimekufa karibu zote. Chache zilizobaki ziliwaka zikitaka. Kwa hiyo kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi ilipopewa jukumu la kuzing'oa na kufunga mpya, nilifurahi. Mimi ni fundi umeme, mzaliwa wa Kwashemshi, nimeolewa Korogwe, na kwa miaka mingi nilikuwa nikifunga umeme kwenye nyumba za watu, maduka na mashine za kusaga. Kuziwekea ndege taa kulinifanya nijione mtu mbele ya mashemeji zangu.

Furaha hiyo haikufika mbali.

Tulianza na mitaro ya kulaza nyaya, pande zote mbili za lami. Ardhi ya kule wakati wa kiangazi inagoma hata kwa sururu. Na kila tulipochimba, asubuhi tulikuta watu wamefukia mahali ili pikipiki zao zipite kwenda sokoni. Tukafukua tena. Wakafukia tena.

Halafu kulikuwa na bibi mmoja mwenye shamba jirani na uwanja. Alianika makopa yake ya muhogo juu ya lami, katikati kabisa.

"Shikamoo bibi," nilimwambia. "Hapa ni njia ya ndege."

"Marahaba mwanangu. Naijua. Imejengwa nikiiona."

"Basi tunaomba uyatoe makopa."

"Leo kuna ndege?"

"Leo hakuna."

"Basi nitayatoa jioni."

Kesho yake tuliyaanza hayo yote upya, tangu shikamoo.

Hata hivyo, bibi na wenye pikipiki hawakunichosha kama bosi wangu, mhandisi wa kampuni, aliyekuwa akiiendesha kazi yetu kwa simu kutoka Dar es Salaam. Taa zenyewe zilifika nzuri, ndogo, hazili umeme. Upande wa kulia tukazifunga zote. Tulipofungua makasha ya upande wa kushoto tukakuta plagi ni za aina nyingine kabisa, haziingii kwenye nyaya zetu. Nikapiga simu.

"Plagi sahihi zimeshafika Dar, mama. Vumilia kidogo," bosi alisema.

Wiki iliyofuata nikaambiwa ndiyo kwanza zinaagizwa. Nilipouliza zilifikaje kabla ya kuagizwa, alisema mtandao ni mbaya, akakata.

Siku aliyopiga yeye mwenyewe ilikuwa kunipa habari ya sherehe.

"Ijumaa jioni mgeni rasmi anakuja kuwasha taa."

"Taa zipi, bosi?"

"Hizo zilizopo. Jukwaa liwekwe kulia. Watu wataona zinawaka, watapiga makofi, basi."

"Rubani akiona mstari mmoja tu, atajuaje lami iko upande gani? Anaweza kushuka shambani."

"Ijumaa hakuna rubani. Kuna mgeni rasmi."

Nilikaa juu ya kasha la taa nikahisi machozi yananilengalenga. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa nimechoka tu kuongea na watu wanaonisikia vizuri na kuendelea na yao.

Ijumaa ikafika. Jua lilipokuwa linazama mgeni rasmi alibonyeza swichi, upande wa kulia ukang'aa, akina mama wakapiga vigelegele. Hata mimi nilipendezwa, sitasema uongo. Kisha yule mgeni, badala ya kurudi kwenye kiti chake, akashuka jukwaani, akatembea hadi tulipokuwa tumesimama mafundi.

"Hongereni. Na kule mbona hakuna kitu?"

Bosi, aliyefika siku hiyo kutoka Dar, alikuwa nyuma yake, ananikazia macho.

"Kule bado, mheshimiwa," nikasema. "Tunasubiri plagi."

"Ni marekebisho madogo tu, mheshimiwa," bosi akadakia.

Mgeni hakugeuka. Aliniuliza mimi. "Ndege inaweza kushuka hapa sasa hivi?"

"Haiwezi. Naomba tuzizime. Zikiwaka hivi zinadanganya."

Aliangalia ule upande mtupu. "Zima," akasema.

Nikazima. Watu waliokuwa wakishangilia wakabaki kutazamana, na hotuba iliyokuwa imeandaliwa haikusomwa. Bosi aliondoka na gari la kampuni bila kunisemesha. Nilirudi mjini kwa bodaboda, nikiwa na hakika kazi sina.

Simu ya kunifukuza haikuja, na plagi zilifika kabla ya wiki kupita. Zilikuwa stoo Dar muda wote, chini ya mzigo mwingine. Dereva aliyezileta ndiye aliyeniambia, tena akicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilifikiria mitaro tuliyofukua mara ngapi sijui, simu nilizopiga, ile Ijumaa, nikataka kumrushia plagi moja ya kichwa, ingawa yeye hakuwa na kosa.

Tukafunga upande wa kushoto, tukajaribu, mistari yote miwili ikawaka. Siku chache baadaye, wakati wa magharibi, ndege ndogo ikaja kumchukua mgonjwa. Nilisimama kando nikiiangalia ikishuka katikati ya taa, imenyooka, magurudumu yakagusa lami. Moyo ulinienda mbio kama naolewa.

Rubani akateremka. Nikamsogelea, nikingoja aseme neno lolote kuhusu zile taa.

"Samahani, mama," akasema. "Choo kiko wapi?"

Choo hakikuwepo. Nilimwonyesha kichaka.