Anayefunga Boneti

Mke wangu ni fundi magari. Ukitaka kucheka, cheka kabisa umalize, mimi nitakusubiri. Wengi wamecheka kabla yako, na wengi wao baadaye wamekuja kuegesha magari yao pale kwake, wamenywea.

Mimi pia ni fundi, ila wa cherehani. Kibanda changu kinatazamana na gereji anayofanyia kazi. Kati yetu kuna njia nyembamba tu yenye madoa ya oili. Nikiinua macho kutoka kwenye sindano, namwona. Kwa hiyo haya ninayokusimulia sikuhadithiwa na mtu, nimeyaona mwenyewe, na nitakapotia chumvi nitakwambia.

Gereji ni ya mzee mmoja tunayemwita Mzee Spana, kwa sababu hata akienda msibani anakuwa na spana mfukoni. Mzee ana sheria yake ambayo sijaisikia kwenye gereji nyingine yoyote. Gari likishatengenezwa, anayefunga boneti ndiye anayepanda. Yaani ukiifunga wewe, umesema kwa mkono wako mwenyewe kwamba gari limepona, basi unaingia ndani na kuondoka na mwenye gari mpaka kule anakokwenda. Likizima njiani, mnasukuma wote. Ndiyo maana pale hakuna wa kulipua kazi. Na mtu akishafunga boneti mara ya kwanza, tangu siku hiyo anaitwa Fundi, na neno hilo linashonwa kwenye mfuko wa kifuani wa ovaroli yake. Ovaroli zote za gereji nashona mimi. Ya mke wangu haikuwa na kitu.

Miaka nenda, miaka rudi. Amelala chini ya magari, ameshusha injini, amekula vumbi la breki mpaka nyusi zikabadilika rangi. Akimaliza kazi, Mzee anakuja, anainama, anatazama, anasema "Safi," kisha anafunga boneti yeye. Sisemi Mzee ni mtu mbaya. Kazi yote amemfundisha yeye, tena kwa uvumilivu. Ila ikifika kwenye boneti, mkono wake unatangulia. Wenzake wote wakawa Fundi, mke wangu akabaki Dada. Dada lete jeki. Dada hebu sikiliza huu mlio. Alikuwa anausikiliza huo mlio, anautaja ugonjwa, halafu mwingine anapanda gari. Mimi nilikuwa nauma uzi kwa hasira huku ng'ambo.

Siku moja, tunakula, akaweka kijiko chini.

"Baba watoto, nimechoka kuwa Dada. Nampa Mzee mwezi huu tu. Ukiisha sijafunga boneti, nakuja tushone wote."

Weee! Kwanza namjua mke wangu, akiachishwa injini atakuwa mgonjwa. Pili, kushona hajui. Aliwahi kunisaidia kushonea vifungo shati la mteja, vikadondoka kabla mteja hajavuka njia.

"Mama, jikaze kisabuni," nikamwambia.

"Sabuni yenyewe imeisha," akanijibu, akaendelea kula.

Ndipo likaja gari la Mkunga. Huyu ni mama anayezunguka majumbani kuzalisha, na kigari chake kila mtu mtaani anakijua kwa jinsi kilivyochakaa. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Asubuhi hakiwaki. Utapiga stata mpaka betri ilie, wapi! Kikishawaka kwa kusukumwa na kupata moto, kinakwenda vizuri siku nzima. Huko kwingine walishambadilishia betri, wakabadilisha plagi, wakabadilisha pampu ya mafuta. Asubuhi iliyofuata, yale yale.

Kwenye gereji yuko kijana mmoja wanayemwita Kompyuta, kwa sababu ndiye mwenye mashine ya kupimia magari. Akaichomeka, akasoma, akatikisa kichwa.

"Haionyeshi kosa lolote. Mimi naona tufungue silinda hedi, tuangalie ndani."

"Nitakaa bila gari muda gani?" Mkunga akauliza.

"Mama, muda wa kutosha."

Mkunga akaja kukaa kwenye benchi langu, kapakata mkoba wake. Akaniambia ana mama wa mapacha ng'ambo ya mji, siku zake zimefika, na uzazi wa kwanza wa mama huyo ulikuwa wa shida. Alipomaliza kusema hivyo, mimi nikasimamisha cherehani.

Kule gereji nikamsikia mke wangu.

"Mzee, kabla hatujapasua injini ya watu, naomba gari lilale hapa. Nataka kulikuta asubuhi halijaguswa."

"Dada, gari si mgonjwa wa kulazwa," Kompyuta akatania.

"Na wewe si daktari, mbona unataka kulipasua?"

Gereji nzima ikaangua kicheko, Kompyuta mwenyewe akiwemo. Mzee akakuna kidevu, akakubali.

Asubuhi kulikuwa na ubaridi, umande umejaa kwenye kioo. Mke wangu akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha hapo kidogo. Kisha akamwita Kompyuta.

"Chomeka mashine yako, lakini usipige stata. Washa swichi tu. Nisomee joto la maji ya injini."

"Themanini na moja."

"Sasa nisomee joto la hewa inayoingia."

"Kumi na saba." Kompyuta akaitazama mashine, akaitazama injini, naye akaweka kiganja. "Ah! Mbona ya baridi hii?"

"Imelala usiku kucha, ilitakiwa ilingane na hewa. Sensa ya joto ndiyo inayodanganya. Inaliambia gari injini imeshachemka, basi gari linabana petroli. Na injini ya baridi inataka petroli nyingi ndipo iwake. Hii inaamka na njaa, halafu inanyimwa chakula."

"Lakini mashine haikuonyesha kosa."

"Mashine inapiga kelele sensa ikikatika. Hii haijakatika, inaongea vizuri tu. Ila inaongea uongo."

Hapo nampa Kompyuta heshima yake, maana hakununa. Alisema mbele ya wote, "Hilo sikulifikiria. Mimi huwa natafuta makosa tu, hizi namba nazipita." Mzee Spana yeye hakuwa ameridhika bado.

"Huenda ni waya," akasema. "Usiniambie sensa mpaka nione."

Sasa nieleze kilichonipata mimi. Mke wangu akaifungua ile sensa, kidude kisichozidi kidole gumba, akaziba tundu lake upesi maji ya rejeta yasiishe. Kisha akavuka njia moja kwa moja mpaka kwangu.

"Baba watoto, hiyo chai ya moto?"

"Moto sana, karibu."

Akaimwaga! Mbele ya macho yangu, chini, pwaa! Akachukua kikombe changu na chupa yangu ya maji ya moto, akaondoka navyo bila hata samahani. Nikamfuata, ningefanyaje?

Akatia maji ya baridi kikombeni, akatumbukiza ncha ya sensa, akaishikisha nyaya za ile mita ndogo ya mafundi ya kupimia umeme. Akamweleza Mzee kwamba sensa nzima, kwenye maji ya baridi, namba inakuwa kubwa, na ikiingia kwenye ya moto, namba inaporomoka. Akasoma. Namba ndogo. Akamwaga, akatia maji ya moto. Namba haikushuka, ilicheza kidogo tu kisha ikatulia. Wakaagiza mpya duka la spea, ikapimwa kwa maji yale yale, kikombe kile kile. Baridi, namba ikapanda juu. Moto, ikaporomoka hata mimi nisiyejua kitu nikasema "Alaa!" Kikombe sikukinywea tena, sasa hivi kinakaa pini.

Akafunga sensa mpya, akajaza maji, akatoa hewa, akapiga stata. Likawaka mara moja. Mzee akasema "Safi," mkono wake ukaenda juu kwenye boneti, kama kawaida yake.

"Mzee, usifunge," mke wangu akasema.

Kila mtu akageuka. Hakuna anayemwambia Mzee neno hilo.

"Kwa nini?"

"Bado hatujajua. Ugonjwa wake ni wa asubuhi ya baridi, na sasa jua limeshaipasha injini. Lilale tena. Kesho ndiyo tutajua kama nimesema kweli."

Angenyamaza tu, wangemsifia siku hiyo na kazi ingekwisha. Mzee akamtazama, akashusha mkono, akaenda zake kunawa.

Kesho yake, hata sijafungua dirisha vizuri, Mkunga huyo anakuja mbio na mkoba wake. Mama wa mapacha ameshaanza uchungu. Mafundi wote wakatoka. Kompyuta akachomeka mashine bila kuambiwa. Maji kumi na sita, hewa kumi na sita. Mkunga akaingia, akageuza ufunguo. Injini ikaitika hapo hapo, haikukohoa wala kubembelezwa.

Mkono wa Mzee ukapanda kwenye boneti. Mimi nikaondoa mguu kwenye cherehani. Mzee akautazama ule mkono wake kama si wake, akautia mfukoni, kwenye spana.

"Funga," akamwambia mke wangu.

Akafuta viganja kwenye ovaroli, mbele na nyuma, akaishusha boneti. Ilijifunga kwa mlio mmoja. Niseme ukweli, nililia. Mwanamume mzima, futi ya kupimia imening'inia shingoni, machozi yananidondokea kwenye kitambaa cha mteja, na sikuona aibu hata kidogo.

"Fundi, panda twende!" Mkunga akapiga kelele.

Hakusema Dada. Mke wangu akaruka ndani. Walipita mbele ya kibanda changu, nikapunga mkono mpaka bega likauma, na yeye hata hakunitazama. Alikuwa anasikiliza injini.

Mchana simu yangu ikaita, ni mke wangu. Mapacha wamezaliwa, wazima, mama yao mzima, na gari limezimwa na kuwashwa tena bila taabu. Nikavuka njia kuwapa habari, gereji nzima ikapiga makofi. Baadaye Mzee Spana akaja kibandani kwangu polepole.

"Fundi," akaniambia, "mshonee mwenzio lile neno."

Nikavuta droo ya cherehani, nikatoa mfuko wa ovaroli uliokunjwa vizuri, neno lenyewe limeshashonwa. Mzee akaukunjua. Uzi ulikuwa umepauka pale kwenye mkunjo. Akapitisha kidole gumba juu ya herufi, moja moja.

"Huu uliushona lini?"

"Mwaka ule uliompokea, Mzee."

Akakaa kwenye benchi langu, mfuko mkononi, akitazama gereji yake kutokea upande wangu.

"Kumbe wewe ulijua zamani hizo," akasema.

"Mzee, mimi nakaa hapa," nikamwambia. "Namwona kila siku."