Inchi Mbili za Mabega ya Dewey

Verna Haselbeck alishona suti za nusu ya wanaume wa mji wao mdogo wa jimbo la Ohio, Marekani, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kubana. Kwa hiyo Orrin Plumley alipoanza kuunda ndege ya mashindano ndani ya banda la ng'ombe la baba yake, mwaka 1935, alimfuata Verna.

"Nipimie mabega ya kaka yako Dewey. Nataka chumba cha rubani kimshike kama soksi."

"Akitaka kujikuna je?"

"Atajikuna akishatua!"

Siku zile zilikuwa tamu, acha tu! Orrin, fundi wa matrekta, alichora ndege nzima kwa chaki sakafuni, kwa ukubwa wake halisi, na ole wako uikanyage. Kila inchi ya unene kwake ilikuwa adui, kwa sababu ndege nene hupambana na upepo mwingi, ikachelewa. Mabawa mafupi, mkia mdogo, injini kubwa kupita kiasi. Verna aliyavika mabawa kitambaa na kukishona, Dewey akakipaka dawa ya kukikaza, wote watatu machozi yakiwatoka kwa harufu. Wakaiita Nyigu.

Lakini siku alipompima Dewey, Verna aliwaza moto. Ndege ikiwaka, huyu atachomokaje? Akaandika vipimo kwenye karatasi, akaongeza inchi mbili. Orrin alikata mbao bila kuuliza, maana nani angehakiki vipimo vya Verna?

Nyigu ilishinda mara tatu kwenye viwanja vya karibu. Mwaka 1937 wakaipeleka kwenye mashindano makubwa ya Cleveland. Ilizunguka nguzo za mashindano imelala ubavu, umati ukipiga mayowe, ikashika nafasi ya pili, ikakosa ya kwanza kidogo tu! Ilipotua gurudumu likavunjika, ndege ikapinduka, moshi ukafuka. Dewey akajipenyeza, bega moja, kisha la pili, akatoka na sikio lililoungua kidogo.

"Una bahati wewe!" watu wakampigia kelele. Verna alikaa chini kwenye nyasi akalia kama mtoto.

Orrin alimkumbatia Dewey, lakini wiki ile hakulala. Hesabu zake ziliahidi maili kumi na moja zaidi kwa saa. Zimepotelea wapi? "Kichwa changu ni kibovu," akasema, akatia michoro yake yote kwenye jiko. Hakuunda tena ndege. Aliuza mbegu na chakula cha kuku mpaka akastaafu, na hakuja tena kwa Verna Jumapili kula keki. Naye Verna alimpenda, tusidanganyane. Hakuzitaja zile inchi mbili akiogopa kuchukiwa, na kwa kunyamaza akamkosa vilevile.

Dewey alikufa mzee, kitandani mwake. Baada ya mazishi, kwenye ukumbi wa kanisa, Orrin alikuja na sahani ya saladi ya viazi akaketi kando ya Verna.

"Kaka yako alikuwa rubani hasa. Mimi ndiye niliyempa ndege goigoi."

"Koma, Orrin." Verna akamgeukia. "Haikuwa goigoi. Niliongeza inchi mbili kwenye vipimo. Nilikudanganya."

Orrin akaweka uma chini. Akatoa penseli, akaanza kupiga hesabu kwenye karatasi ya kufutia mikono, midomo ikimcheza. Ilimchukua muda. Meza ya pili, wajukuu wa Dewey walikuwa wakigombania keki ya tufaha.

"Kumi na moja," akasema. "Zinatimia. Hesabu zangu zilikuwa sawa."

"Zilikuwa sawa siku zote. Nitukane basi, nimestahili."

Hakumtukana. Aliwatazama wale watoto, machozi yakimtiririka wala asiyafute.

"Ungeniambia siku ile, Verna, ningezikata zile inchi."

"Najua," Verna akasema.