Chumvi ya Infirmie Nestor

Mama yangu, Émilienne, alipika mchuzi usio na chumvi tangu nimjue, na wageni waliula kwa adabu huku wakimwonea baba huruma. Mimi sikuwa na adabu hiyo. Nilinung'unika kila siku, nikidhani ni uchoyo. Kumbe chanzo kilikuwa mimi mwenyewe, na hapo hata sijazaliwa.

Mwaka wa 1943, wakati wa vita, baba yangu Nestor alikuwa infirmie, yaani muuguzi, wa mikroskopi katika dispanseri moja ya Kindu, Kongo ya Wabelgiji. Kazi yake ilikuwa kutafuta vidudu vya malale, ugonjwa wa usingizi. Kila aliyetaka kusafiri alitobolewa kidole, tone la damu likachanganywa na maji ya chumvi juu ya kioo, baba akainama kuangalia. Asiye na vidudu alipewa karatasi ya njia.

Baba alipenda kueleza seli kama wengine wanavyopenda kueleza ukoo wao. Damu, alisema, si maji mekundu. Ni seli, mamilioni katika tone moja, kila moja na ngozi yake nyembamba inayochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Nyekundu zinabeba hewa kutoka mapafuni. Nyeupe, zenye kiini ndani, zinameza uchafu. Na kidudu cha malale chenyewe ni seli moja tu yenye mkia, kinapita kikizisukuma nyekundu kama mlevi sokoni. Ukiona nyekundu zinatikisika bila sababu, mgonjwa umempata. Ila yote hayo yanategemea chumvi. Maji yakikosa chumvi, seli zinayanywa mpaka zinapasuka. Chumvi ikizidi, zinanyauka. Kwa hiyo munganga, daktari Mbelgiji, alimpimia baba chumvi katika vikaratasi, kila kimoja kwa lita moja. Baba aliviweka nyumbani, maana dispanserini vilikuwa vinatoweka, na madukani chumvi haikuwapo.

Alasiri moja baba aliangalia damu za watu kumi na wawili asione kitu. Si vidudu tu, hata seli hakuziona. Kila kioo kilikuwa na wekundu mtupu. Alipangusa lenzi, akapangusa macho. Mwaka uliotangulia mwenzake Donatien alikuwa amefukuzwa kwa sababu macho yake yalififia, na sasa alikuwa anakata chikichi porini. Baba alikuwa na miaka arobaini na mke mjamzito. Akaogopa kumwita munganga. Akaandika "hakuna vidudu" mara kumi na mbili. Mmoja wa hao kumi na wawili alikuwa Bulaimu, kijana wa Kibombo aliyekuwa anakwenda machimbo ya Kama kutafuta kazi ya dhahabu, na shingoni alikuwa na tezi zilizovimba, dalili ya malale.

Asubuhi yake baba alijitoboa kidole. Damu yake nayo ikayeyuka kiooni. Lakini maandishi madogo ya chupa za dawa aliyasoma bila taabu. Akachovya kidole katika yale maji ya chumvi, akaonja. Yalikuwa na uchungu wa chumvi ya majivu ya majani, ladha aliyoijua tangu utotoni kijijini kwao.

Alikimbia nyumbani.

"Uliweka nini mu karatasi zangu za chumvi?"

Mama alianza kulia kabla ya kujibu. "Mutoto alikuwa analilia chumvi mu tumbo, baba. Nilishindwa. Nikakula ile yako, nikaweka ya majivu pahali yake. Chumvi njo chumvi."

"Hapana! Hii inapasua seli, na vidudu vinapasuka pamoja nayo. Na mimi nilisha mupa Bulaimu karatasi ya njia!"

Baba alifika kivukoni akihema. Bulaimu alikuwa amevuka alfajiri, na lori la kwenda Kama lilikuwa limeshaondoka ng'ambo. Hapo aliyeweza kumrudisha alikuwa munganga peke yake. Baba yangu alikuwa mwoga, sitamficha. Kutoka mtoni mpaka dispanseri aligeuka njiani mara mbili kurudi nyumbani. Mara ya tatu hakugeuka. Alieleza yote, hata woga wake wa macho.

"Na nani aliharibu chumvi?" munganga aliuliza.

"Mimi njo niliharibu, munganga. Mimi peke yangu."

Alivuliwa koti jeupe palepale, na ujumbe ukapelekwa Kama.

Zikafuata siku tisa. Watu kumi na mmoja walirudi, wakapimwa upya, wote wazima. Bulaimu hakuonekana. Baba alikaa barazani kila siku akisikiliza malori. Mama alipika na hakuonja. Walikuwa na hofu moja wote wawili, kwamba Bulaimu atafia huko.

Siku ya tisa Bulaimu alishushwa kwenye lori, kichwa kikimwangukia kifuani. Munganga alichanganya maji mapya kwa mkono wake, akaangalia, kisha akainuka kitini. "Angalia wewe," alimwambia baba.

Nyekundu zilikuwa nzima, duara, kila moja na ngozi yake. Na zilikuwa zinasukumwa.

"Iko," baba alisema, akalia mbele ya Mzungu bila haya.

Bulaimu alichomwa sindano kwa miezi mingi, akapona. Baba hakurudishiwa mikroskopi. Alifagia baraza ya dispanseri ileile mpaka Uhuru. Kila mwaka Bulaimu alipita kwetu na pakiti ya chumvi, zawadi ya infirmie aliyemwita arudi. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mbele ya baba. Baba alijitilia sahanini mwake. Mama hakuigusa.

Nilipokwisha kuolewa, nilimuuliza mama siku moja, kwa hasira yangu ileile, kwa nini haweki chumvi japo kidogo kwenye sahani yake mwenyewe. Alinitazama, akacheka kwa mara ya kwanza juu ya jambo hilo.

"Yangu yote ulisha kula, Élisabeth."