Mfagiaji Aliyekutwa Ziwani

Mimi sikutaka kuandika. Mkono wangu umezoea mwiko na jembe, kalamu inaniteleza kama sabuni. Lakini yule mwalimu wa elimu ya watu wazima, mtoto ambaye ningeweza kumzaa mara mbili na bado nikabaki na nguvu, amenishikilia wiki tatu: "Bibi, andika maisha ya mtu unayempenda." Nikamwambia ninaowapenda wote wako makaburini, nao hawana shida na maandishi yangu. Akasema basi andika ya mtu unayemfahamu. Haya. Ninayemfahamu kuliko wote ni mke mwenzangu, na sikuomba kumfahamu. Ukiona maneno yamepinda, ni yangu. Asiyeyapenda afunge akalale.

Mume wetu alimleta nyumbani bila kuniambia, tena amembebea sanduku begani, yeye ambaye mimi hata ndoo ya maji hakuwahi kunibebea. Nilimnunia bi mdogo miaka miwili. Naye hakunibembeleza. Anaamka, anafagia ua wote, upande wake na wangu, halafu anaondoka kwenda kufagia mji. Sasa utamnunia vipi mtu ambaye kila asubuhi unakanyaga kazi yake? Nilijaribu, nikashindwa. Mume akafa, tukabaki wawili kwenye nyumba moja yenye milango miwili. Mpaka leo yeye ananiita dada, mimi namwita wewe.

Ameajiriwa na manispaa miaka ishirini na sita, na kipande chake ni kimoja tu: uchochoro wetu, kuanzia kwa kinyozi mpaka daraja la mfereji. Ufagio wa manispaa hautaki, anasema ule ni wa kupigia picha. Anatengeneza wake mwenyewe, vijiti vigumu vya kukwangua, vilaini vya kumalizia, amevifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kwanza anatazama upepo unatoka wapi. Ananyunyiza maji kwa mkono. Kisha anaanza na mfereji, siyo njia, kwa sababu, anasema, uchafu wa njiani kila mtu anauona, lakini wa mfereji unasubiri mvua. Na kwa takataka anajua habari za watu wote: fundi cherehani akipata kazi ya harusi anajua, nani ameacha sigara anajua, na nani amemdanganya mkewe kwamba ameacha, huyo ndiye anayemjua zaidi.

Basi serikali ikaja na Mpango wa Taifa wa Miji Janja. Zamani zetu ukisikia fulani ni mjanja, unashika mfuko wako kwanza. Sasa mji mzima unaitwa hivyo na watu wanapiga makofi. Walifunga turubai uwanjani, kivuli cha wakubwa, jua letu. Bwana mmoja wa wizarani akasema nguzo zitaona, mapipa yatasema yakijaa, na taa zitafikiri. Muuza mkaa aliyekuwa nyuma yangu akauliza kwa sauti, "Na nyinyi mtabaki na kazi gani?" Wakamtoa.

Hayo mapipa yalisema siku mbili. Siku ya tatu yakaibwa, na aliyeyaiba anawekea maji mpaka leo, wala hayajamsemea popote.

Bi mdogo naye akapewa saa ya mkononi. Siyo ya kujulia saa. Ina taa: ukiwa kwenye eneo lako la kazi inawaka kijani, ukitoka inawaka nyekundu, na habari zako zinakwenda zenyewe mpaka chumba cha uangalizi, manispaa, ghorofa ya nne. Siku ya kwanza akaivaa, akaingia uchochoroni na ufagio wake. Nyekundu. Akasogea hatua kumi. Nyekundu. Akafagia siku nzima na taa nyekundu mkononi kama mtu aliyejikata.

Baada ya wiki ikaja barua. Yeye hajui kusoma kabisa, na mimi nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe. Nikaisoma neno moja moja. Ilisema mfanyakazi aliyetajwa hapo juu, kwa siku sita mfululizo, badala ya kuwa kazini alikuwa ziwani, kuanzia saa kumi na mbili na dakika saba asubuhi hadi saa nane mchana. Hilo ni onyo la kwanza. Yakifika matatu, kazi hana.

"Ziwani?" akauliza.

"Ziwani. Mume wetu hajamaliza miaka minne udongoni, wewe unaogelea."

"Dada, mimi hata beseni naliogopa."

"Nguo za kuogelea umezificha wapi? Niambie tu mimi mkubwa wako, nitakusitiri."

"Zimo kwenye sanduku lako, lile unalofungia sukari."

Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Mji wetu hauna ziwa. La karibu ni mwendo wa siku nzima kwa basi. Halafu nikamwona anaikunja ile barua mara nne, anaisukuma kifuani, na kicheko kikaniisha. Nyumba yetu inakula kwa ufagio ule. Mimi napenda kujisifu kwa mengi, lakini kula tunakula kwa mgongo wake.

Tukamtafuta msimamizi wake, kijana mwenye tableti na viatu vilivyochongoka kama mtumbwi. Tukamkuta pale pale uchochoroni. Bi mdogo akaanza kufagia mbele yake, vumbi likampanda yule kijana mpaka magotini.

"Unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Niko wapi?"

Akatazama tableti. "Uko ziwani."

"Mwanangu, nimekukanyaga kiatu."

"Mama, mimi siwezi kubishana na mfumo. Mfumo haudanganyi. Nakushauri utoke majini kabla onyo la pili halijaja."

Nikamwambia, "Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe yako uza, ununue tableti ya pili."

Akatuonyesha penye kijani: lami ya mbele ya benki, hatua ishirini, ambayo hupitiwa kila alfajiri na gari la brashi. Bi mdogo akaambiwa afagie hapo. Akafagia. Siku nne, kwenda na kurudi, lami isiyo na hata punje. Mlinzi wa benki akamhurumia, akawa anadondosha vipande vya karatasi apate cha kufanya. Siku ya tano ukaingia ujumbe kwenye simu: Hongera, wewe ni mfagiaji bora wa wiki.

Huku kwetu maganda yalifika vifundoni. Mfereji ukajaa chupa. Kinyozi akasukuma nywele zake mpaka mlangoni kwa fundi cherehani, fundi akamrudishia na vitambaa juu yake, wakaacha kusalimiana. Na mawingu yalikuwa yanakusanyika.

"Haya, bora wa wiki," nikamwambia, "mvua ikinyesha maji yanaingia kwangu kwanza."

"Na kwangu yataingia, dada. Milango ni miwili, ukuta ni mmoja."

"Basi umeamuaje?"

Alikuwa anakaza mpira wa ufagio. Kesho yake jua linachomoza nikasikia ule mkwaruzo wake chini ya dirisha langu, nikajifunika shuka mpaka puani, maana ningesema neno angejua nimefurahi.

Siku tatu aliingia mfereji ule mpaka mapajani akitoa uozo kwa mikono, na ile taa nyekundu ikimmulika. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na yeye aliinama hasa. Siku ya nne ikanyesha mvua ya matusi. Maji yakapita chini ya daraja kwa adabu zao, hakuna kitanda kilicholowa. Jumatatu ikaja barua ya pili, Alhamisi ya tatu: arudishe kifaa cha serikali Ijumaa, apewe barua ya kuachishwa.

Nikafuatana naye. Sikualikwa, lakini mimi huwa sialikwi. Lifti ya mji janja ilikuwa mbovu, tukapanda ngazi, na kila ghorofa nilipumzika na kutoa maoni yangu kwa sauti. Hicho chumba chenyewe ni baridi kama ghala la nyama, ukuta mzima skrini, vijana wanne wamekaa, mmoja anacheza karata kwenye kompyuta. Injinia wao ni binti mwenye miwani, mpole, alitupa viti. Akaifungua ramani.

Mji wetu ukajitokeza ukutani, mzuri mpaka sikuutambua. Lakini bi mdogo asiyejua herufi anajua njia. Akasimama, akaweka kidole. "Huu mkunjo wa mfereji naujua. Hapa ndipo matambara hunasa. Kwa hiyo uchochoro ni hapa." Na hapo alipoweka kidole palikuwa na rangi ya buluu, bata watatu na kijimashua.

"Huu siyo mji," akasema. "Huu ni mchoro."

Binti akabonyeza hapa, akabonyeza pale, masikio yakaanza kumwiva. Kumbe waliokuja kuweka ramani waliweka ile ya mpango, ya mji utakaokuwepo miaka ishirini ijayo. Wakubwa wakaizindua, utepe ukakatwa, na tangu siku hiyo watu tunaendeshwa kwa ramani ya mji ambao haujajengwa.

"Basi futeni ziwa," nikasema.

"Bibi, ramani imefungwa kutoka makao makuu. Sisi hapa hatuna ruhusa ya kufuta ziwa."

"Na sisi tunaoishi humo?"

"Kwenye mfumo hamuishi humo."

"Samaki je, wanaishi?"

"Hao ni awamu ya pili, bibi."

Sikumwona akitania. Bi mdogo akavua ile saa, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. "Mwanangu, niandikieni barua yenu ya kunifukuza. Lakini iandikeni kweli. Andikeni nimefukuzwa kwa kufagia."

Binti akaiokota ile saa. Kisha akasema, "Ramani siwezi kuibadilisha. Wewe naweza." Akafungua orodha ya kazi, akashuka nayo, akabonyeza, akamrudishia saa mkononi. Asubuhi yake bi mdogo akaingia uchochoroni. Kijani. Kwa kinyozi, kijani. Darajani, kijani. Serikali imemtambua rasmi: yeye sasa ni mlinzi wa ziwa.

Mlinzi wa ziwa ana vifaa vyake kwa mujibu wa kanuni. Wakamletea jaketi la kuelea majini, rangi ya chungwa, na filimbi. Akikutwa bila jaketi ni kosa. Basi sasa anafagia kiangazini, vumbi hadi kope, kifua kimejaa kama kuku wa mayai.

"Mama, maji yakoje leo?" kinyozi humwita.

"Ya shingo, baba. Na wewe mfupi, usitoke."

Anacheka nao. Lakini kuna kitu hakimchekeshi. Kwenye mfumo, mfagiaji yule aliacha kazi. Mlinzi wa ziwa ana miezi mitatu kazini. Miaka ishirini na sita imezama kwenye ziwa lisilo na tone la maji, na akitajiwa hilo huokota ufagio akaenda kufagia mahali alipokwisha kufagia.

Binti wa miwani alituambia makao makuu wataurudisha uchochoro, na miaka yake pamoja nao, wakipata barua thelathini za watu wanaoshuhudia kwamba upo. Ziwe za mkono, zenye sahihi. Gumba hawalitaki. Kwetu magumba ni mengi kuliko kalamu, tumefikisha kumi na moja, na moja ni hii yangu nikiiandika upya.

Wewe uliyesoma mpaka hapa unajua kuandika, usijifiche. Njoo upite uchochoroni kwa miguu yako, kutoka kwa kinyozi mpaka darajani, usije ukaapa uongo. Kisha kaa chini uandike: nimepita, miguu yangu ni mikavu, na nimemkuta mwanamke anafagia. Tia sahihi. Zimebaki kumi na tisa, na ya kwanza ni yako.