Mgonjwa wa Siti ya Nyuma

Kwa watu wa mtaa wa Pasiansi, likizo ilikuwa na maana moja tu: unafunga sukari na sabuni kwenye mfuko, unapanda basi, unakwenda kijijini kulima au kuzika. Ndiyo maana Mwalimu Pius Mashimba alipowaambia majirani kwamba likizo ya Juni ya mwaka ule wa 1996 yeye na mkewe wanakwenda kukaa ufukweni siku tatu bila kazi yoyote, jirani mmoja alimuuliza kama amestaafu, na mwingine akamuuliza kama huko ufukweni wana shamba.

Mwalimu hakuwa mtu wa anasa. Alifundisha hesabu shule ya msingi, alivaa tai hata Jumamosi, na alichukia uongo kiasi kwamba mwanafunzi aliyeibia majibu alikuwa radhi atoroke shule kuliko kuitwa mbele yake. Safari ile hakuipanga kwa ajili yake mwenyewe. Aliipanga kwa ajili ya mkewe, Mama Rose.

Jina lake hasa ni Dorotea. Alikuwa bibi shamba, mtaalamu wa pamba, na mradi aliofanyia kazi ulimpa pikipiki enzi ambazo mwanamke juu ya pikipiki alikuwa habari ya kusimuliwa kilabuni. Miaka nenda rudi alizunguka vijiji vya Magu na Kwimba, suruali ndani, kitenge juu, akikagua pamba ya watu. Matope yaliyoikwamisha Landrova ya mkuu wake, yeye aliyapita kwa kushuka, kuvua viatu na kusukuma, halafu akaendelea na safari bila kumlaumu mtu. Wakulima waliujua mlio wa pikipiki yake, na aliyekuwa hajapalilia alitafuta pa kujificha. Kisha likaja soko huria, watu wakapunguzwa kazini, mradi ukafungwa, naye akaambiwa arudishe funguo za pikipiki. Akazirudisha, akasema asante, akafungua kibanda cha mbegu na dawa za mifugo pale Mabatini, maisha yakaendelea.

Hakulalamika hata siku moja. Lakini Pius alikuwa anaishi naye nyumba moja, na alikuwa na macho. Pikipiki ikipita barabarani, Mama Rose alinyamaza katikati ya maneno, mwiko mkononi, akasikiliza mpaka mlio upotelee mbali. "Huyo plagi yake chafu," alisema, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Pius alikuwa akimtazama na moyo unamuuma.

Hilo ndilo lililompeleka kwa Ramesh, mwenye duka la spea mjini, ambaye siku zile alikuwa ameanza kukodisha pikipiki kwa Wazungu waliokuja kuona ziwa. Ramesh alimkabidhi Pius funguo, akamweleza gia na breki, naye Pius akawa anaitikia kwa kichwa kana kwamba anaelewa. Pikipiki hakuwahi kuiendesha maishani mwake. Kilichotakiwa ni kusema tu kwamba dereva ni mke wangu huyu hapa. Hakusema. Aliikokota pikipiki kwa mikono mpaka nyuma ya kona, Mama Rose akimfuata na mfuko. Champaben, mke wa Ramesh, aliyekuwa kaunta, aliinuka akawafuata mpaka kwenye kona, akachungulia. Akamwona mama anapiga kiki na mwalimu anapanda nyuma. Akatabasamu, akarudi kukaa.

"Kwa nini hukumwambia?" Mama Rose aliuliza.

"Angetunyima," alisema Pius. Na huenda ni kweli angewanyima.

Walipopita Mkolani na nyumba kuanza kupungua, Pius alimsikia mkewe akiimba. Hakuwa amemsikia akiimba nje ya kanisa tangu funguo zile zirudishwe. Mama Rose alikwepa mashimo bila kupunguza mwendo, aliwapisha ng'ombe kwa adabu zote, na mbele ya kilima alibadili gia laini kabisa, mtu wa nyuma asijue. Pius mwanzoni alishika chuma cha nyuma kwa heshima ya mwanamume mwenye tai. Baada ya shimo la kwanza alimshika mkewe kiuno kwa mikono miwili, akafumba macho, akawa anasali. Alipoyafumbua alijiambia kwamba katika nchi hii nzima hakuna mtu anayeendeshwa vizuri kama yeye. Alijivuna kimyakimya, huko huko nyuma.

Walisimama Usagara kukaza kamba ya mfuko. Mama mmoja muuza nyanya akawatazama, akaweka mkono shavuni.

"Pole, mama. Unampeleka hospitali gani?"

Kwa akili ya mahali pale hapakuwa na jibu lingine. Mwanamume mzima kaketi nyuma, mke ndiye anaendesha. Kama haumwi, ana nini? Pius alifungua mdomo aseme ukweli, na wauza nyanya wote wakamgeukia. Kikatoka kikohozi.

"Kifua," alisema, kwa sauti ya chini.

Mama Rose alicheka mpaka akashika tumbo, lakini alicheka baadaye, walipokwisha kuondoka. Kigongo walikuta foleni ndefu ya kuvuka kwenda Busisi: malori, mabasi, baiskeli zenye mikungu ya ndizi. Mfanyakazi wa pantoni akamwona Pius, akapaza sauti, "Mgonjwa apite, jamani, mpisheni mgonjwa." Watu wakapisha. Lori la samaki likarudi nyuma kuwaachia nafasi. Mwanamke muuza machungwa, mnene, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, akamenya chungwa moja akampa Pius mkononi, bure. Pius akalila, na ili chungwa lisionekane limeliwa na mtu mzima wa afya, akakohoa tena. Safari hii Mama Rose hakucheka. Alitazama maji.

Nyamakoko ni mwalo mdogo wa wavuvi upande wa pili, nyuma ya mawe makubwa, na mchanga wake ni mweupe na mgumu ukingoni mwa maji. Mzee Ndalahwa, mkubwa wa mwalo ule, alikuwa amejenga vyumba vya wageni kwa ajili ya wanunuzi wa sangara, na hapo ndipo walipofikia. Walipomsalimia shikamoo aliitikia marahaba huku akimshika Pius kiwiko ili asianguke.

"Pore sana, mwarimu," alisema. "Dereva wa rori ametuambia. Ingia ulare."

Lile lori la samaki lililowapisha kwenye pantoni lilikuwa limewatangulia, na habari ilikuwa imekwisha shuka. Odeta, mke wa mzee, alileta uji. Jirani mmoja alileta mizizi iliyochemshwa, chungu kama nini sijui, akasimama hapo hapo kuhakikisha inanyweka. Pius akainywa. Angesema nini? Uongo ukishapewa uji na kutandikiwa kitanda, kuutoa nyumbani mwa watu si kazi ndogo.

Asubuhi ya pili Mama Rose aliamka mapema, akaoga pale mawimbi yanapopiga, mbali na matete, maana kichocho alikijua. Kisha akaitoa pikipiki. Pius alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini, blanketi mpaka kifuani, na Odeta akimlinda. Akamwona mkewe anashika ule ukingo mgumu wa maji na kuondoka, kitenge kinapepea, maji yanaruka pembeni ya gurudumu, mpaka akawa mdogo kule kwenye mawe, akageuza, akarudi kwa kasi, mgongo umenyooka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini kasoro, ana wajukuu wawili. Pius hakuwa ameona kitu kizuri namna ile. Alitaka kusimama apige makofi, blanketi likamkumbusha kwamba anaumwa.

Ndipo akawasikia wanawake waliokuwa wakianika dagaa.

"Mume yuko kufani, yeye anacheza na pikipiki."

"Labda anamwombea afe upesi."

"Wa mjini hao. Hawana huruma."

Odeta alisema, "Nyamazeni, mgonjwa anasikia." Hakusema kwamba si kweli.

Pius akahisi jasho linamtoka chini ya blanketi. Hesabu alizifundisha maisha yake yote, na hii hakuwa ameipiga. Aliona kikohozi kile ni siri ndogo ya kumwokoa yeye na aibu. Hakuona kwamba aibu ikiondoka kwake inakwenda kukaa kwa mtu mwingine, na mtu mwenyewe ndiye huyo.

Mama Rose aliposhuka, hakuna aliyemwitikia salamu. Alisema mwangaluka, salamu ya asubuhi ambayo Msukuma hamnyimi hata adui yake, wakainamia dagaa zao. Kisha akaisukuma pikipiki mpaka ukutani, akaifunika kwa gunia, akaja akaketi kando ya mkeka.

"Kesho turudi," alisema.

"Bado tuna siku, Mama Rose."

"Siku za nini? Za mimi kuitwa mchawi?" Hakuwa amekasirika, afadhali angekasirika. Alikuwa anajikung'uta mchanga kwenye vidole, kidole kwa kidole. "Ile ya kwanza walininyang'anya wakubwa, Mwalimu. Nilinyamaza, maana wakubwa ni wakubwa. Hii unaninyang'anya wewe."

Akaingia ndani kufunga mfuko.

Pius alibaki pale. Magari ya samaki yalikuwa yamefika, na mwalo wote ulikuwa umekusanyika kwenye mzani: wavuvi, wanunuzi, wanawake wa dagaa, Mzee Ndalahwa katikati. Akaliangalia lile kundi. Darasani alizoea kuwasimamisha watoto mbele ya wenzao waseme walichokifanya, na hakuwahi kujiuliza miguu yao ilikuwa inajisikiaje. Sasa alijua. Akajikaza, akatupa blanketi, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mzani.

"Rudi ulare, mwarimu," alisema Mzee Ndalahwa.

"Siumwi, mzee. Sijaumwa hata siku moja."

Kelele zikapungua.

"Pikipiki sijui kuiendesha," alisema Pius. "Naiogopa. Mke wangu ndiye anayejua. Ameendesha kwenye matope ya Kwimba miaka mingi, mimi nikiwa darasani na chaki. Watu waliniona nyuma wakafikiri naumwa, na mimi nikaona bora kuumwa kuliko kusema. Nimekunywa uji wenu na dawa zenu kwa uongo. Mnisamehe. Lakini yeye msimseme. Hakuwa ananiacha nife. Alikuwa amefurahi, na furaha hiyo nilikuwa nimeitafuta mwenyewe, kisha nikaiharibu."

Mwenye mzani alikuwa bado ameshikilia sangara kwa matamvua. Mzee Ndalahwa alimtazama Pius kutoka juu mpaka chini, akafikiri.

"Hata baiskeri hujui?"

"Baiskeli najua."

"Basi si mbaya sana," alisema mzee, na hapo ndipo watu walipoangua kicheko. Walicheka mpaka wengine wakakaa mchangani. Yule jirani wa mizizi alicheka kuliko wote, akisema kwamba kweli dawa yake haijawahi kushindwa, mgonjwa kasimama. Pius alikuwa hajawahi kuchekwa namna ile, na alishangaa kuona kwamba hakufa.

Mama Rose alikuwa mlangoni, mfuko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakuja kumkumbatia, si watu wa hayo. Aliuweka mfuko chini, akaenda ukutani, akalifunua gunia.

Odeta ndiye aliyemfuata wa kwanza. Alijifuta mikono kwenye kanga. "Mama, unisamehe na mimi," alisema, "halafu unipeleke mpaka kule kwenye mawe nione." Akapelekwa, akarudi kanga imemvuka kichwani na macho yanamtoka. Baada yake wakaja wanawake wa dagaa, mmoja mmoja, hata yule aliyesema habari ya kufa upesi. Mama Rose aliwapeleka wote, akimwelekeza kila mmoja jinsi ya kukaa na wapi pa kuweka miguu, kwa ile sauti ya bibi shamba ambayo Pius alikuwa ameisahau. Jua lilipoanza kushuka Mzee Ndalahwa mwenyewe alikuja, amevua kofia, akaomba asiendeshwe kwa kasi.

Siku ya kurudi, upande wa Busisi foleni ilikuwa ndefu vilevile. Mfanyakazi wa pantoni akawatambua kwa mbali. "Mpisheni mgonjwa," alianza. Dereva wa basi akawasha gari arudi nyuma.

Pius alishuka. "Sina ugonjwa," alisema, kwa sauti ya darasani, kila mtu asikie. "Naendeshwa tu na mke wangu."

Mfanyakazi akamtazama, akamtazama mama, akasonya. "Basi nendeni kwenye foleni kama watu wengine."

Wakaenda mwisho kabisa, nyuma ya baiskeli za ndizi, juani. Pantoni ikajaa ikaondoka bila wao. Vijana waliwanyooshea vidole wakacheka, na Pius akawasalimia. Mama Rose alikaa juu ya pikipiki, mikono kwenye usukani, akiimba kwa sauti ya chini ule wimbo aliouimba walipopita Mkolani.

Muuza machungwa mwenye kitambaa cha kijani, ambaye siku hiyo alikuwa amevuka kuuza upande huu, alikuwa amesikia yote. Alichagua chungwa, akalimenya taratibu, akaja nalo. Pius akanyoosha mkono kwa mazoea. Mwanamke yule akampita, akampa Mama Rose.

"Hili ni la dereva," alisema.