Miti Iliyopungua Unene

Anyesi alirudi kutoka Makutupora, alikokwenda kumhudumia binti yake Jenifa aliyejifungua, akakuta majirani wanamsalimia huku wakitazama pembeni. Mumewe Batholomeo ndiye aliyemweleza, tena kwa kusitasita, akijifanya anakagua kwato za mbuzi. Barua ilikuwa imekuja kutoka mjini. Ilisema miti ya Kilima Pimbi imepungua unene. Vipimo vya mwaka jana alivichukua Anyesi. Vya mwaka huu, kwa kuwa hakuwepo, alivichukua Ludovick, katibu wa kamati ya misitu ya kijiji. Mti hauwezi kukonda kama ng'ombe wa kiangazi, watu walisema, kwa hiyo mmoja kati ya hao wawili alidanganya. Na wengi walishaamua ni nani: yule mwenye kuipenda mno ile miti.

Kuipenda aliipenda kweli. Miaka kumi na mitatu iliyopita kilima kile kilikuwa kipara, mawe na vumbi, na mvua ikinyesha maji yalishuka na udongo wote hadi mashambani. Wenzake walipokuwa wakipanda miche na kuiona ikikauka, Anyesi alishughulika na visiki. Kisiki kikitoa machipukizi kumi, aliacha mawili yenye nguvu, akapogoa mengine, akafunga kitambaa chekundu ili wachungaji wajue kuna mtu anayekitunza. Alisema mizizi iko chini tayari, haisubiri ndoo ya mtu. Walimcheka misimu miwili, wa tatu wakaanza kumuiga, na baadaye mkutano wa kijiji ukakitenga kilima kizima.

Kisha akaja Khairat, bibi misitu kijana kutoka mjini, akawaeleza kwamba mti unavyonenepa ndivyo unavyozidi kufungia hewa ukaa ndani yake, ile inayochafua majira ya mvua, na kwamba kijiji kinachopima miti yake kila mwaka kinaweza kuonyesha kimehifadhi kiasi gani. Anyesi alikuwa na darasa la saba na mwandiko mzuri, akakabidhiwa utepe wa kupimia. Batholomeo akawa anatangaza kilabuni kwamba mkewe amepata wachumba mia nne, na kila asubuhi anapanda kwenda kuwakumbatia.

Sasa hakuna aliyetania. Usiku ule Anyesi alikula kidogo. Asubuhi alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa Ludovick, mtu mrefu ambaye huinama kuingia nyumbani kwake mwenyewe.

"Mbukwa, katibu."

"Mbukwa, mama Jenifa."

Akamwambia hakuja kugombana. Anaomba tu wapande wote kilimani, na Khairat awepo. Ludovick alikubali haraka, maana na yeye alikuwa halali vizuri. Wapo waliosema aliyepunja ni yeye.

Khairat alifika siku ya Alhamisi kwa pikipiki, akawaamkia, wakapanda. Kwenye mgunga wa kwanza Anyesi alimwomba Ludovick apime kama alivyopima. Ludovick akazungusha utepe mbele ya kifua chake, akausoma. Anyesi akausogelea mti ule ule, akainua uso. Utepe ulikuwa usawa wa macho yake.

Alianza kucheka taratibu, kisha akashindwa kujizuia, ikabidi akae juu ya jiwe.

"Mwanangu," alimwambia Khairat alipopata pumzi, "ulituambia tupime usawa wa kifua. Hukutuambia kifua cha nani."

Shina la mgunga ni nene chini na hupungua kadiri linavyopanda. Anyesi, ambaye kanisani husimama mstari wa mbele ili amwone mchungaji, alikuwa amepima chini. Ludovick alikuwa amepima juu. Khairat alijishika mdomo. Kipimo sahihi ni mita moja na sentimeta thelathini kutoka ardhini. Alikiri kwamba alikitaja mara moja tu siku ya mafunzo, kisha akawa anasema kifua, kifua, kwa mazoea.

"Kosa ni langu, mama. Nisameheni wote wawili."

Anyesi alisema samahani wataizungumza wakishamaliza kazi. Ili kujua kama miti imekua, alieleza, lazima apime yeye tena, kwa kifua kile kile cha mwaka jana, maana hakijapanda wala kushuka. Ludovick akashika daftari lenye namba za mwaka jana. Iliwachukua siku sita kumaliza miti mia nne na kumi na miwili. Kuanzia mti wa tatu Ludovick alishaanza kutabasamu. Kufikia wa hamsini alikuwa anasoma namba kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Miti michache sana ilikuwa imebaki palepale. Mingine yote ilikuwa imenenepa.

Walipomaliza, Anyesi alikata fimbo, Khairat akaipima na kuiwekea alama, nao wakazungushia kila shina mstari wa rangi nyeupe kwa urefu huo, ili mwaka ujao hata akipima mtoto wa darasa la kwanza jibu lisibadilike.

Khairat aliandika maelezo mapya kwenda mjini na kusimama mwenyewe mbele ya mkutano wa kijiji kusema ilivyokuwa. Watu walicheka sana, kicheko cha watu waliopata nafuu, na waliomtazama Anyesi pembeni wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Ludovick alimletea jogoo. Anyesi alimpokea, akamuuliza kama amempima.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema na uwele ukasinyaa mashambani. Lakini chini ya miti ya Kilima Pimbi nyasi zilikuwepo, na kamati iliruhusu kila kaya kukata mizigo yake kwa zamu. Batholomeo hakupoteza mbuzi hata mmoja. Vijiji viwili vya jirani vimeshamwomba Anyesi aende kuwafundisha, na amewajibu atakwenda, ila wangoje kwanza amsindikize Jenifa kumpeleka mtoto kubatizwa.